Kwa Thoya, Mchimba Visima Aliyepelekwa Vitani

Mwaka umetimia, Thoya, tangu Garama, mpagazi mwenzako, aingie hapa Jilore, amekonda, akatuambia hutarudi. Hatujapoa. Wala tusiambiwe tupoe.

Ulikuwa mchimba visima. Kila kisima ulikitilia vipandio ubavuni, maana ulisema aliyeshuka lazima apate pa kupandia. Maji ya kwanza uliyaonja wewe, kisha ukamwita binti yako: "Sidi, njoo, matamu haya!" Hata yakiwa ya chumvi. Mtoto akitema, ulicheka mpaka ukakaa chini.

Vitani hukuenda kwa hiari. Askari wa Waingereza walikukamata matope yakiwa magotini, wakakubebesha mizigo hadi Rufiji, kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani. Wewe hukuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Huko mliamrishwa kuwachimbia askari mahandaki, na ninyi wapagazi mlale nje na mizigo. Ukachimba shimo la wapagazi pembeni, lenye vipandio. Walikuchapa viboko, wakalifukia. Kesho yake ukalichimba tena. Risasi zilipoanza kumiminika, watu watano waliingia humo. Garama, wa mwisho, ulimsukuma kwa mikono yako. Wewe hukuwahi kuingia.

Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alituletea kibati chenye namba, kile ulichovishwa shingoni ulipofanywa mpagazi. Akasema tukitundike kwenye koma, mti wa kumbukumbu ya marehemu tuliokusimikia, kwani umekufa kwa ajili ya Mfalme wa Waingereza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakichukua, akamfunga mbuzi shingoni.

"Mwanangu namwita kwa jina," alimwambia.

Sasa askari wanamtaka Masha, ndugu yako mdogo, naye akabebe mizigo. Leo asubuhi walikuja, wakamkuta akichimba ndani ya kisima ulichokiacha nusu. Ukingoni walikuwa wameketi Garama na wale wenzake wanne uliowaokoa.

"Mwenye kumtaka Masha atupite sisi kwanza," Garama aliwaambia.

Waliondoka wakisema watarudi. Na warudi, watatukuta papa hapa.

Adhuhuri kisima kimetoa maji. Sidi ameyaonja wa kwanza. Yana chumvi, Thoya. Amekunja uso, akameza, akatuita sote: "Njooni, matamu haya!"

Tunaokukumbuka ni mama yako Kahonzi, mkeo Mbeyu, binti yako Sidi, Garama na wenzake, na nduguyo Masha, ambaye bado yuko nyumbani.

Hatutakusahau kamwe. Na Masha hatumtoi.