Tingatinga Si Mtumishi wa Mungu

Baba Dogo, Nairobi

Mama mpendwa,

Miguu inaendeleaje, ule uvimbe umeshuka? Nimesikia mvua imefika Kitui na umeshapanda pojo, nikafurahi. Mimi ni mzima wa mwili. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo nitapiga kelele, na hasira hii si yako. Ni ya Kyalo, mwanao.

Ulisikia kwenye redio kwamba nyumba za kando ya mto zimebomolewa na serikali. Yangu ilikuwemo. Usishtuke. Tingatinga lilikuja asubuhi watu wakinywa chai. Niliwahi kutoa cherehani tu. Kitanda, sufuria, nguo za wateja, vyote vilibaki chini ya mabati.

Jirani yangu Shosho Wairimu, yule bibi mjane wa Murang'a, aliumia kuliko mimi. Ndiye aliyempokea Kyalo alipofika mjini hana pa kulala, akamtandikia jikoni kwake na kumpa uji kila asubuhi mpaka akapata kazi. Nyumba ile aliijenga marehemu mumewe kwa mikono yake. Shosho alikaa juu ya ndoo akaitazama ikianguka. Rafiki yangu Mueni akatupokea sote wawili kwake, mtaa wa Lucky Summer.

Jumapili nikampeleka Shosho kwenye lile hema anakohubiri Kyalo, nikidhani atafarijiwa. Mama, Kyalo alifungua nabii Yeremia. Akasoma jinsi Mungu alivyoutia mji wa Yerusalemu mikononi mwa Babeli na kumwita Nebukadreza mtumishi wake. Kisha akafunga Biblia, akapaza sauti:

"Wiki hii Nebukadreza amefika Baba Dogo! Lile tingatinga mnalolilaani ni mtumishi wa Mungu! Pale mtoni palikuwa na chang'aa, palikuwa na uasherati, na Bwana amehukumu!"

Watu wakapiga makofi. Watu ambao nyumba zao hazikuguswa hata msumari.

Siku hiyo Shosho hakula. Akaniuliza, "Mwende, ni dhambi gani nilifanya?"

"Hukufanya yoyote, Shosho."

"Mungu habomoi bure."

Akaanza kujichimbua. Mara alimtusi mkaza mwanawe, mara hakwenda kumzika dada yake kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Mama mzee ambaye huamka kuombea mtaa mzima, hata walevi kwa majina yao! Nilimtazama akitafuta kosa ndani yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, nikahisi ningemshika Kyalo shati.

Kesho yake nilimfuata Kyalo mtaa wa Shauri Moyo, kwenye karakana anakotengeneza masanduku ya bati. Nikamwambia aje amwambie Shosho mwenyewe.

"Dada, mimi nimepewa neno tu. Usinigombanishe na Mungu."

"Sikugombanishi na Mungu, Kyalo. Nakugombanisha na aliyekulisha."

Akaja, uso umekunjamana. Shosho akamwachia kiti, yeye akakaa kitandani.

"Mwanangu, ni mimi ulikuwa ukisema?"

"Hapana, Shosho. Nilisema wauza pombe."

"Muuza pombe anakaa huko juu. Nyumba yake imesimama. Yangu ndiyo imeanguka."

Nilingoja aseme pole. Neno moja tu, Mama. Badala yake akasema mambo ya Mungu hayachunguziki, akamwombea haraka haraka, akaondoka eti anangojwa kwenye mkutano.

Wewe ndiye uliyetusomea Yeremia, tumeketi jikoni unachambua kunde. Hukutufundisha hivyo. Yule nabii aliulilia mji wake. Aliwakemea wakubwa waliowaonea wajane na yatima, wakamtupa kwenye shimo la matope kwa maneno hayo. Kyalo amemkemea mjane, na wakubwa hawana neno naye. Wanampigia makofi.

Juzi nilirudi kwa Mueni nikakuta Shosho ameondoka, blanketi limekunjwa vizuri. Alimwambia Mueni kwamba mtu aliyehukumiwa asilete ghadhabu ya Mungu kwenye nyumba ya mwenzake. Nililia kwa hasira njia nzima. Nilimkuta hapa mtoni, ameketi kwenye kifusi chake. Nikamsihi turudi, akakataa kabisa. Basi nami nimehamia hapa. Vijana wa mtaa wametufungia turubai, mmoja wao akaniambia, "Usijali, siste, Shosho ni wetu." Hao ndio Kyalo anaowaita walevi na waasherati. Nashona hapa hapa nje. Jana Shosho alikubali uji kidogo.

Nisalimie Baba, asiache dawa za presha. Msalimie shangazi Kalekye wa kinu cha unga, na mjomba Musyoka mchonga vinyago, umwambie kigoda alichonipa nimekifukua kifusini kikiwa kizima na Shosho ndiye anayekikalia.

Kyalo ameniambia anakuja huko mwisho wa mwezi ili wazee wa kanisa wamwekee mikono awe mchungaji kamili, na kwamba umemtengea mbuzi. Ni mwanao, mpokee. Lakini kabla hujachinja, usimwulize habari za unabii. Mwulize Shosho Wairimu analala wapi. Akishindwa kujibu, mbuzi arudi zizini, na wazee waiweke mikono yao mifukoni.

Ni mimi binti yako mwenye hasira na anayekupenda,
Mwende