Mama, Nimefuga Mbuzi

Mamangu,

Bora ulisikie kutoka kwangu: nimekukaidi. Shamba lako la Mwakirunge, ulilonikataza kabisa nisitie mnyama, sasa lina mbuzi.

Hitma yako ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, vikombe vya kahawa havijaoshwa, Mjomba Salim akaniita kando. Alisema kuna watu wa machimbo ya mawe wanalitaka shamba, na kwamba mwanamke peke yake hawezi kukaa kule. Nikamwambia nitafuga. Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akageuza maneno: basi niweke ng'ombe wa maziwa, au kuku wa kisasa kama wale wa Kiembeni. Nadhani alitaka nishindwe upesi.

Nikalitazama shamba kama lilivyo, Mama, si kama ninavyolitamani. Maji tunanunua kwa mitungi. Ng'ombe angenimaliza kiangazi kimoja tu. Majani yenyewe ni haya yanayoota baina ya mawe. Na kuku... niliwakumbuka wa kwako, walivyokufa wote kwa mdondo, nawe ukakaa kizingitini na jembe ulilowazikia, ukasema, "Humu hakiingii tena chenye roho." Uso wako wa siku ile sijausahau. Basi nikanunua mbuzi wa kienyeji, majike wawili waliokwisha kuzaa, ili angalau mmoja wetu awe anaijua kazi. Beberu nikaazima kwa jirani.

Mmoja alikufa. Sikufichi. Alivimba tumbo, akaacha kucheua, asubuhi nikamkuta amelala ubavu, amekwisha kukauka. Mjomba alikuja kuutazama mzoga, akasema, "Sasa umeridhika?" Nilimwita daktari wa mifugo ampasue, na mle tumboni tukakuta mifuko ya plastiki imesokotana kama kamba, ile inayopeperushwa na upepo kutoka jaani. Nililia palepale, mbele ya Mjomba. Nilikulilia na wewe, maana siku ya maziko kila nilipofungua mdomo watu waliniambia nisubiri, nisilie. Kisha nikachimba shimo.

Aliyebaki simwachi tena azurure. Nimemjengea banda la mbao, sakafu imeinuka juu ya ardhi, namkatia majani, na ya muhogo nayaanika kwanza yanyauke, sumu iyatoke. Mgongo unaniuma, wallahi. Lakini amezaa pacha, Mama, wote majike. Mdogo hakuweza kusimama. Nilimshikilia kwenye chuchu ya mamake hata akanyonya, na nikasikia mkia wake ukinipiga piga mkononi.

Juzi Mjomba alikuja na mnunuzi, na kamba ya kupimia. Nikatoka hadi langoni. "Shikamoo, Mjomba," nikamwambia. "Shamba la mamangu haliuzwi." Akasema nina kichwa kigumu kama chako. Alidhani ananitukana. Wakaondoka bila kupima kitu.

Najua atarudi. Na arudi.

Pumzika, mamangu, Mola akupanulie kaburi lako. Kila Ijumaa nitakusomea Yasin, hilo nakuahidi, hata nikiwa hoi kwa kazi. Radhi zako nazitaka, na nitaziomba mpaka siku tutakapoonana. Lakini mbuzi siwaondoi.

Mwanao,
Rukia