Sufu Iliyoyeyuka

Kamina, tarehe 14 Juni 1999

Mpendwa yaya Chloé, dada yangu mkubwa,

Leo naapa kukuelezea yote, hata yale yanayoniaibisha. Je, u mzima huko Lubumbashi? Kile kikohozi kimekwisha? Sisi, kwa neema ya Mungu, tu wazima, ila baridi ya asubuhi inauma, na wakimbizi wa vita wanazidi kujaa shuleni kwetu.

Mama wa kanisa bado wanawafumia watoto wachanga wa wakimbizi kofia, kwa ile sufu ya kondoo tuliyoletewa na wageni kutoka Ulaya. Unajua tunavyojisifu kwamba sufu hutia joto hata ikilowa. Basi wiki iliyopita Laetitia, mkimbizi aliyejifungua juzijuzi, alikuja kusema kofia ni nzuri, lakini ikipata umande mtoto wake anatetemeka.

Nikakumbuka ulivyonifundisha. Nilikata kipande cha uzi wa kofia ile nikakiwasha kwa kibiriti mbele ya mama wote. Sufu halisi ingenuka kama nywele zinazoungua, ikawa majivu. Uzi ule uliyeyuka, ukawa kidonge cheusi kigumu. Nailoni ya sokoni!

Wote walimgeukia mama Marceline, kwa kuwa ndiye anayeshika ufunguo wa kabati la sufu. Mama Mwanza alimuuliza akicheka: "Weye, kondoo yako inakula plastiki?" Wengine walisema bila shaka amewauzia wake za askari sufu halisi, akaweka nailoni mahali pake. Hakujitetea. Aliweka ufunguo mezani, akaokota sindano zake za kufumia, akaenda. Tangu hapo ninamchunguza kila mahali. Nimepita hata nyuma ya nyumba yake kutazama nguo za watoto wake zilizoanikwa. Sikuona uzi wowote wa sufu.

Yaya, sasa nakiri. Pasta Ézéchiel alipouliza kama kuna mwingine aliyewahi kushika ufunguo ule, nilinyamaza. Mwezi wa nne, ulipokuwa bado hapa, mama Marceline alinipa ufunguo nikafagie chumba cha kabati, nami nikakuachia wewe ili niwahi mazoezi ya kwaya. Na jana, nikitafuta blanketi ndani ya sanduku lako uliloliacha hapa, nilikuta karatasi sita zenye picha ya kondoo, zile zinazofungwa kwenye mabonge ya uzi, pamoja na soksi moja ya mtoto mchanga, imefumwa nusu. Nilirudisha kila kitu. Sijamwambia mtu, hata mama yetu.

Jumapili ya tarehe 27 watamtoa mama Marceline kikundini mbele ya kanisa zima. Nikisema, wewe ndiwe utakayeaibika. Nikinyamaza, ni yeye. Guylain, dereva wa lori anayekuletea barua hii, atarudi kabla ya siku hiyo. Tafadhali asirudi mikono mitupu.

Baba anakusalimu sana, anasema ukaze masomo. Mama anakuombea kila asubuhi. Nami nakukumbatia, na nakuomba unijibu hili moja tu: uliichukua sufu ile kwa siri, au mama Marceline alikupa mwenyewe kwa ajili ya mtoto wako ambaye hujatuambia habari zake, na sasa ananyamaza ili akufiche?

Mdogo wako akupendaye,
Abigaïl