Mchele wa Harusi

Jumatatu, 7 Machi 1983

Nimemuogesha Mama, nimemnywesha chai, nimemkalisha barazani karibu na cherehani yangu. Nikampa kanga azikunje. Akakunja moja. Ya pili akaitupa, akasema yeye si mtumishi wa mtu. Juzi nilimpa shanga atunge, akazitia mdomoni. Redio haitaki. Nimeishiwa na mbinu.

Asipokuwa na kazi anaondoka, na nikiwa na mteja sioni. Mwezi uliopita alipatikana sokoni Gikomba, miguu mitupu, anatafuta nyumba ya babake. Kaka Salim amesema akipotea tena anamchukua kwake Kiamaiko. Kule mlango hufungwa kwa nje. Mara ya mwisho walimfunga mkono kitandani kwa kanga. Naandika haya na sisikii kitu moyoni.

Jumanne, 8 Machi

Nilikuwa nachagua mchele wa mchana. Mama akaninyang'anya ungo. Akakaa kitako, akanyoosha miguu, akaanza. Chuya huku, vijiwe huku. Hakuinuka mpaka adhana ya adhuhuri.

Zamani hapa Majengo hapakuwa na harusi bila Mama kusimamia mchele. Akili imesahau, mikono haijasahau. Akauliza harusi ya nani. Nikasema ya jirani. Uongo umetoka bila shida.

Ijumaa, 11 Machi

Jioni narudisha chuya na vijiwe kwenye mchele, nachanganya. Asubuhi anaukuta mchafu, anafurahi. Najiona mjinga. Lakini tangu Jumanne hajatoka barazani.

Leo amegomba. Mchele huu hautoshi hata matanga, anasema. Nimeazima nusu gunia kwa mwenye duka.

Jumapili, 13 Machi

Bi Riziki wa nyumba ya pili amekuja na ungo wake, akakaa kando ya Mama, akaanza kuchagua. Hakuuliza. Nikadhani ni huruma tu.

Wakati wa kuondoka akapiga kigelegele. Akaniuliza nitavaa nguo gani. Ndipo nikaelewa. Mtaa huu mchele mwingi ukionekana barazani, hakuna anayengoja kualikwa. Nina miaka arobaini na moja na talaka yangu sandukuni. Majengo nzima inajua naolewa, mimi ndiye sijui. Ningecheka, lakini kicheko hakikuja.

Jumanne, 15 Machi

Wanawake wanne leo. Mama ndiye mkubwa wao, anaamuru. Amemkaripia Bi Riziki kwa kuacha chuya. Ana furaha. Wananiuliza bwana ni nani. Nasema mtamjua. Nainamia cherehani.

Jumatano, 16 Machi

Nimemwita Bi Riziki ndani. Nimemwambia hakuna harusi. Nimemwambia kuwa Mama akili zimemtoka, mchele ni wa kumshika asipotee, na chuya nazirudisha mwenyewe.

"Mficha maradhi, Mwanaisha," akasema. Hakuimaliza methali. Akachukua ungo wake akaenda.

Alhamisi, 17 Machi

Hakuja mtu. Mama hakuugusa mchele. Anasema wa harusi hauchaguliwi na mtu mmoja.

Nilimpima mteja mmoja tu. Kugeuka, Mama hayupo. Nimempata karibu na mto, kanga imelowa. Salim ameshasikia, sijui kwa nani. Anakuja Jumamosi. Nimempangia Mama nguo zake kwenye kikapu. Sikulia. Nilitaka, machozi yakakataa.

Jumamosi, 19 Machi

Bi Riziki alitangulia. Alikuja asubuhi na kundi zima, kila mtu na ungo wake, wakajaa barazani. Hakuniambia neno ila hili: "Tutapokezana. Na chuya tutazirudisha wenyewe, wewe shona." Kumbe alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiwaeleza.

Salim alipofika hakuwa na pa kukanyaga. Akawaamkia, akasema amekuja kumchukua Mama. Bi Riziki hakuinua macho.

"Umchukue harusi ikiisha, mwanangu."

Salim akauliza harusi gani. Mama ndiye aliyejibu. Akamwambia wanaume hawakai kwenye mchele, aende akatafute kuni. Hakumjua kabisa.

Salim akageuka. Akaondoka. Baadaye akarudi na mzigo wa kuni begani, akautua mlangoni, akaniambia tutaonana wiki ijayo. Kikapu hakukiulizia.

Jumapili, 20 Machi

Mvua kidogo. Wenzetu wamekwenda kwao mapema. Nilikuwa namnawisha Mama mikono, vumbi la mchele limeingia kwenye kucha.

Akaniuliza bibi harusi ni nani. Sijui kwa nini leo sikusema jirani. Nikasema ni mimi.

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa binti wa watu.

"Mama yako ameridhia?"

Nikamwambia ameridhia. Akasema basi ni heri. Akanipa mkono wa pili niuoshe.