Seli Isiyo na Ukuta

Malaba, Jumanne

Na bado neno lile halijanitoka. Seli.

Kesho mjukuu wangu Akiru ana mtihani wa baiolojia. Asipopita, nafasi ya kusomea uuguzi hatapata, na hana mpango mwingine. Jioni alinipa kitabu nimuulize maswali.

"Seli ya mnyama ina nini, kuanzia nje?"

"Utando, saitoplazimu, kiini."

"Umesahau ukuta."

Alicheka hadi akashika meza. "Babu! Ukuta ni wa mimea. Sisi tuko na utando tu, mafuta na protini. Ukiandika ukuta hapo, mwalimu anakukata maksi."

Ni kweli, na nilikuwa najua. Lakini seli niliyofungiwa kule Uganda, kabla sijakimbilia upande huu wa mpaka, ilikuwa na ukuta, na nyufa zake nazikumbuka hadi leo. Akiru hajui. Sijawahi kumwambia.

Nilingoja kumbukumbu hiyo iniumize. Haikuniumiza. Nilisikia tu malori yakisogea kidogo kwenye foleni ya mpakani, kisha yakasimama. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwamba sasa hata ukuta ule...

"Babu, umelala? Uliza ingine."

Nikamuuliza kazi ya utando.

"Kuchagua kinachoingia na kinachotoka," alijibu bila kufikiri.

Nikamwambia amepata.

Siku moja nitamsimulia, lakini si kabla ya mtihani. Kesho akiliona neno "seli" kwenye karatasi, alione na mafuta na protini zake, basi.