Lori la Shaba na Nyota Iliyobanwa

S.L.P. 73,
Tunduma, Mbeya.
8 Septemba, 2013.

Mpendwa Shangazi Restuta,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na nimeamua kukuambia yote, hata yale ya aibu. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi huko Johanesbagi kimepona? Sisi hatujambo. Mama aliugua malaria lakini amesharudi sokoni. Bibi Ketrina amemaliza kuvuna kahawa kule Isansa. Analalamikia magoti tu.

Barua yako kuhusu utafiti wako wa nyota nimeisoma mara nne. Nimeelewa kwamba mahali patupu si patupu kabisa. Pana uga, kama ule wa sumaku tuliofundishwa darasani, nao hautulii. Unatetemeka kidogo mno wakati wote. Karibu na nyota iliyobanwa sana, mvutano wa nyota unaweza kuukuza uga huo mpaka ukaibadili nyota yenyewe. Umesema bado ni hesabu tu, hakuna aliyewahi kuuona. Hapo ndipo nilipopapenda zaidi.

Sasa aibu yangu. Fomu ya kuchagua michepuo ya masomo inarudi shuleni tarehe 30. Baba anataka nichague uchumi na biashara, nije nipate kazi kwa mawakala wa forodha. Mimi niliandika fizikia, kemia na hisabati kwa penseli, bila kumwambia.

Ijumaa nilimpelekea chakula pale anapoziba matairi ya malori. Fomu ikachomoza kwenye daftari, Baba akaiona, akaniuliza:

"Tumpe, nyota utazila?"

"Mwache, Jairo," akasema fundi mwenzake, Sadock. "Zikipata pancha utaziba wewe."

Walicheka. Mara likasimama lori la shaba kutoka Zambia, mabamba ya shaba yamelala chini kabisa kwenye bodi, ukiwa mbali unadhani limeshashusha mzigo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiyahesabu hayo kama malori matupu, na Baba akinicheka, akiniambia niyaulize matairi yalivyobonyea. Basi nikamwambia nyota yako iko hivyo: nzito kuliko jua, lakini upana wake haufiki nusu ya njia ya kwenda Mlowo, kama kilomita ishirini tu. Akaweka chini chuma chake cha kufungulia tairi. Nikamweleza na ule uga, kwamba mbali na nyota ni kama umelala, na karibu nayo unaamka.

"Kama umelala hivyo," akauliza, "nani anauamsha?"

"Unajiamsha wenyewe."

"Shangazi yako kaandika, au umebuni?"

"Nimebuni, Baba."

Sadock alicheka. Baba hakucheka. "Basi muulize. Akijibu nikaelewa, tutaandika kwa wino. Asilete Kiingereza."

Barua hii anaibeba dereva Nathanaeli, anayeondoka kesho na lori kuja huko na atakayerudi kabla ya tarehe 30. Aliyemwomba ni Baba mwenyewe. Hata bahasha kainunua yeye. Tafadhali mpe jibu mkononi.

Mama anakusalimu, na Bibi, na mdogo wangu Luka, ambaye anataka kujua kama nyota hiyo ina moto. Mungu akulinde katika kazi yako na akurudishe kwetu salama.

Shangazi, niambie kwa maneno ambayo fundi wa matairi atayaelewa: je, lazima kitu kitoke nje kuuamsha uga huo, au mtetemo wake mdogo wenyewe unatosha?

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Tumpe Jairo