Nafasi Iliyo Wazi Mapokezi

Kwako Dada,

Pokea salamu za mdogo wako, mkuu wa mapokezi ya mizigo ghalani, mtu ambaye bahati ikimkosa nyumbani humfuata kazini. Juzi wamenibadilishia kiti. Cha sasa kinazunguka, Dada, kina magurudumu, nikitaka faili sinyanyuki, najisukuma tu kwa mguu. Madereva waliokuwa wakiniita "wee bwana" sasa wananiita mheshimiwa, na malori yanapanga foleni hadi getini yakisubiri kalamu yangu. Wewe hujambo lakini? Lile goti la kushoto bado linakununia asubuhi? Na shemeji, kikohozi kimemwachia au bado wanagombana? Mimi mzima kabisa, nakula nashiba, na tumbo limeanza kunitangulia mlangoni kama linavyopaswa tumbo la mtu mwenye cheo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nne. Unasema mpwa wangu amemaliza kozi yake ya utunzaji wa stoo na cheti anacho mkononi. Unasema pia kwamba, kwa kuwa mjomba wake ndiye mkuu, Ijumaa anamuaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi, na Jumatatu anapanda basi aje nimpe meza. Na umeongeza kwamba yule mwenye duka hana mlango wa kurudia, mtu akitoka ametoka. Hilo nimelielewa. Ndiyo maana barua hii sikuitia posta. Nimempa mkononi dereva anayepita kwenu Jumatano, nikamwapisha kwa mama yake mzazi kwamba itakufikia kabla ya Ijumaa.

Ila usinikimbize, acha nipumue kidogo. Barua yako imenirudisha mbali.

Siku ile ulipoingia pale ghalani makarani walikuwa kumi na wanne, wanaume watupu, mvi tupu, kila mmoja na kalamu sikioni kama jogoo na kilemba chake. Walisema mwanamke anaweza kuhesabu vitunguu, si shehena. Wakakupa meza iliyopakana na choo. Mshahara nao wakakupa pungufu kuliko wenzako kwa kazi ileile, na ulipouliza, karani mkuu, yule tuliyemwita Bwana Wino kwa sababu mfuko wake wa shati haukukosa doa, akakueleza kwamba wenzako wana familia. Wewe ukamjibu kwamba unalea mdogo wako, na kwa anavyokula huyo peke yake ni familia nzima. Ghala lilicheka wiki mbili. Mimi sijaajiriwa bado, nina miaka kumi na mitano, tayari nina jina la kazi. Nilipokuja kuanza, baada ya shule kunishinda, au niseme baada ya mimi kuishinda shule, nilikuta wananisubiri: Familia Nzima huyo anakuja, ficheni vyakula.

Ulinifundisha wewe, hakuna mwingine. Lori likiingia, wenzako walichukua hati ya mzigo, wakaisoma, ndipo wakahesabu. Wewe ulikuwa unaipokea hati kwa mkono wa kulia, huitazami, unaiweka kwenye kiti na kuikalia. Unanituma nikahesabu. Ulikuwa ukisema kwamba jicho lililokwisha kusoma mia litaona mia, hata kama ziko tisini. Mpaka nirudi na idadi yangu ndipo unanyanyuka, na karatasi inatoka imekunjamana. Yule dereva mwembamba wa malori ya unga alikuwa akiniambia hajapata kurudishiwa hati yake ikiwa baridi hata siku moja. Nawe ulimsikia, ukamwambia akalete mzigo kamili, basi, utamrudishia ikiwa baridi.

Tena ulikuwa unanipandisha juu ya paleti, zile katoni zilizopangwa kwenye jukwaa la mbao. Nilalamike, nisilalamike, napanda, natoa katoni ya juu katikati, naingiza mkono mpaka begani nione kama tumbo limejaa. Nilichafuka vumbi hadi kope. Nilikuwa nakuchukia kwa saa nzima kila siku, halafu tukienda kula ulikuwa unanimegea nusu yako na chuki inaisha. Sijui kama niliwahi kukwambia, Dada, lakini miaka ile sikuwa na wasiwasi wowote duniani. Nilikuwa najua kwamba ukisema ziko mia tatu na ishirini, ziko mia tatu na ishirini, na meneja mwenyewe akisema vinginevyo basi meneja ndiye aliyekosea.

Tangu ustaafu, miaka tisa sasa, kumebadilika. Makarani ni watano tu. Wazee wote wameondoka, wengine kwa heshima, wengine kwa barua. Katika hao watano wanne ni wasichana, mkubwa wao hajafika thelathini, wote wana vyeti kama cha mpwa wangu. Mshahara wao ni sawasawa na wa mwanaume, na siku nilipoliona hilo kwenye tangazo nilitamani ungekuwepo ulisome mwenyewe. Ila mikataba yao ni ya miezi sita sita, hakuna anayezeeka pale tena. Mkononi wana skana, wanaielekezea lebo ya paleti, inalia "pii", mzigo umepokelewa. Mmoja wao, ninayemwita Miwani kwa sababu anavaa mbili, ya kusomea machoni na ya jua kichwani, ananiita Babu. Nimemwambia mimi ni wa hamsini na moja tu. Akasema ndiyo, Babu. Nikimsimulia habari zako, kwamba kulikuwa na mama alikuwa akikalia karatasi, ananitazama kama mtu anayetazama sinema.

Sasa nifike huko, maana nimezunguka vya kutosha.

Miezi minane iliyopita liliingia lori la sabuni, paleti kumi na mbili. Siku hiyo skana zilikuwa na hitilafu, nikaambiwa nipokee kwa mkono, na mimi nikavimba kichwa. Niliwatangazia wasichana wakae waone mashine ya zamani inavyofanya kazi. Dereva alikuwa mcheshi, akanipa hati, nami nikaishika mkononi, nikapiga naye soga huku naisoma. Paleti kumi na mbili, katoni sitini kila moja. Kisha nikazunguka nikihesabu kwa nje, mstari kwa mstari, na kila paleti ilikuwa sitini, kwa sababu nilishasoma sitini. Sikupanda. Tumbo hili lilikuwa tayari zito, na suruali ilikuwa mpya. Nikapiga muhuri, wasichana wakapiga makofi.

Baada ya siku nne Miwani akazifungua kwa ajili ya kuzisafirisha madukani. Juu zimejaa, chini zimejaa, katikati hewa. Kila paleti ilikuwa na tundu ambalo paka angeweza kuzalia. Katoni sabini na mbili hazipo. Yule mtoto alikuja kwangu kwanza, peke yake, kwa sauti ya chini, akaniomba twende tukahesabu tena wawili kabla hajaandika chochote. Na mimi, Dada, nilicheka kwa sauti, wenzake wote wakisikia. Nikasema mzigo uliingia kamili mbele ya macho yao, basi atafute nani anaoga sana siku hizi. Nilidhani ni utani. Meneja hakuuchukua kama utani. Miwani ndiye aliyezifungua, hivyo yeye ndiye aliyeulizwa. Walimkalisha ofisini siku mbili. Alikuwa anatoka mle macho yamevimba, anavaa ile miwani ya jua ndani ya jengo, na bado ananiamkia shikamoo Babu.

Siku ya tatu nilishindwa kumeza chakula. Mimi, niliyeitwa Familia Nzima. Nikapanda ngazi kwa meneja, nikamweleza kwamba muhuri ni wangu na paleti sikuzipanda. Meneja hakugomba. Alivuta droo, akaweka mbele yangu picha za paleti zile na matundu yake, akanyoosha kiganja kuomba muhuri. Nikampa. Alisema kwa ajili ya miaka yangu hatanifukuza getini, nikipenda nibaki kwa wapakuaji. Nilipenda. Nimebaki kuli, Dada, wa kushusha mizigo, nalipwa kwa siku.

Wiki ileile nilikaa kukuandikia. Niliweka kalamu kwenye karatasi nikitaka kukueleza nimeshushwa, na nilipoinua mkono nilikuwa nimeandika nimepandishwa. Uliponijibu kwamba umeisoma ile barua kwa majirani, nikashindwa kurudi nyuma. Nikaongeza mheshimiwa, nikaongeza foleni, leo nimeongeza kiti.

Kwa hiyo mpwa wangu asimuage mwenye duka. Nakuomba, hata kama barua hii itakukuta Ijumaa asubuhi, mkimbilie. Mimi sina meza ya kumpa mtu. Lakini nafasi ipo kweli, sikudanganyi hapa: tangazo limebandikwa ubaoni wiki hii, karani mmoja wa mapokezi, cheti cha utunzaji wa stoo, mwanamke au mwanaume, maombi hadi mwisho wa mwezi. Nafasi yenyewe ni ile yangu, iliyokaa wazi tangu nilipotoa muhuri. Aombe kwa mkono wake, atume nakala za cheti, na akiitwa kwenye usaili amwombe mwenye duka ruhusa ya siku moja. Jina langu asilitaje, pale halimsaidii mtu. Miwani nimemwambia habari zake, baada ya kumwomba radhi mbele ya wale wale niliomchekea mbele yao, na amesema atamweleza jinsi ya kujaza fomu. Ameniuliza kama huyo ni mtoto wa yule mama wa karatasi. Nikasema ndiye.

Akiipata, atanikuta mlangoni nina gunia begani. Asione haya kunihesabia. Na mimi sitaona, au nitajitahidi.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote waliobaki nyumbani, na huyo mpwa wangu mwambie mjomba anamsalimu kwa jina lake kamili. Majirani uliowasomea, wasalimie pia, kisha wasomee na hii, usiruke mstari. Mimi si mkuu wa mapokezi wala sijawahi kuwa, na kiti kinachozunguka ninakiona kwa mbali kama wanavyokiona wengine.

Ni mimi mdogo wako,
mpakuaji wa mlango wa pili.